Chantingi yangu inadondosha nta: Wajava hutumia vifaa gani vingine?

Mama_Bafta

Ndugu wanajamvi, natumaini hamjambo. Mimi na wenzangu sita tunatengeneza batiki hapa Morogoro, na huu ni mwaka wetu wa tisa. Nta tunaipaka kwa brashi, na maua ya kujirudia tunayagonga kwa sponji iliyokatwa au kwa kibao cha kuchongwa. Kazi hii inatupatia riziki, lakini mistari yetu ni minene, na kila mteja aliyewahi kuona batiki ya Java, kile kisiwa cha Indonesia, hutuuliza kwa nini yetu haina ule wembamba unaokaribia unywele.

Mwezi uliopita mpwa wangu alirudi safari akaniletea chantingi mbili kutoka Yogyakarta, mji wa huko Java, ile kalamu ya shaba yenye kikombe na mdomo ambayo wenyewe huiandika canting. Nilidhani shida yetu imekwisha. Kwa wiki tatu sasa nimeharibu bafta nyingi kuliko nilizoharibu mwaka mzima uliopita. Ama nta inadondoka kabla sijaufikisha mkono kwenye mchoro, ama inagandia mdomoni isitoke kabisa, na ikitoka inatambaa kitambaani kama mafuta kwenye karatasi.

Nta naiyeyusha katika sufuria kubwa juu ya jiko la gesi, natandaza bafta mezani kama tulivyozoea, nachovya chantingi, kisha nachora. Naomba aliyewahi kuketi na wachoraji wa Java anieleze wao hutumia vifaa gani vingine, na kila kimoja kina kazi gani, maana nimeanza kuamini kwamba kuna jambo sikulionyeshwa.

---

Mpita_Imogiri

Shikamoo Mama. Nilisoma Yogyakarta kwa mwaka mmoja, na siku za mapumziko nilikuwa nakwenda Giriloyo, kijiji kilicho katika wilaya ya Imogiri kusini mwa mji, ambako akina mama wengi huchora batiki ya mkono. Wao huiita batik tulis, na tulis ni kuandika. Chantingi yako nadhani haina kosa lolote. Ila umeitenga na vifaa vinavyoifanya itii mkono, na kwa maelezo yako naona mawili yanayoisumbua: sufuria na meza.

Nianze na sufuria. Mchoraji wa Java haweki nta nyingi mahali pamoja. Huwa na kikarai kidogo, ambacho kwao ni wajan, chenye upana wa sahani ya chai au zaidi kidogo, na ndani yake nta ya kina kifupi tu. Kikarai hicho hukaa juu ya anglo, seredani ya udongo yenye makaa machache, na kando yake pana kipepeo cha mianzi. Moto ukififia hupepewa mara mbili tatu, ukizidi makaa hufunikwa kwa majivu. Siku hizi wengi wamehamia kwenye vijiko vya mafuta ya taa, gesi au umeme, lakini ukubwa wa kikarai haukubadilika, na una sababu zake. Katika sufuria yenye kina, chantingi huzama hadi kwenye mpini, ikatoka imelowa nta pande zote, na hiyo nta ya nje ndiyo inayokudondokea njiani. Katika kikarai unateka kwa kuinamisha kikombe tu, kama mtu anavyoteka maji kwa kata, kisha unapangusa tako lake kwenye ukingo. Tena kikarai kiko karibu na goti lako. Kutoka kwenye nta hadi kwenye kitambaa ni kugeuza kiwiko tu, wala haufiki urefu wa mkono mzima, na shaba haipati nafasi ya kupoa.

Sasa meza. Kwa chantingi, meza ndiyo adui mkubwa kuliko yote. Kitambaa cha Wajava hakilazwi, bali huning'inizwa kwenye gawangan, fremu nyepesi ya mianzi au mbao yenye nguzo mbili na mti mmoja wa kukingama juu, mfano wa goli la watoto. Mchoraji huketi mbele yake kwenye kigoda kifupi kiitwacho dingklik. Mkono wa kushoto huingia nyuma ya kitambaa na kukiinua kidogo pale panapochorwa, hivyo kitambaa kinakuwa na mteremko mbele yako. Chantingi hushikwa karibu kulala, mdomo umeinuka kidogo kuliko kikombe, nayo nta hutoka kwa kugusa kitambaa tu, haimwagiki. Ukiweka kitambaa bapa mezani, huna njia ila kuinamisha mdomo chini, na hapo kikombe chote kinataka kumwagika kwa pamoja. Isitoshe, meza ni ya baridi. Nta inayogusa mbao upande wa pili huganda kabla haijapenya nyuzi, kisha inanata mezani na kubanduka unapokiinua kitambaa.

Kwa kuwa kitambaa kinaning'inia, upepo hukipeperusha, kwa hiyo huwekewa bandul. Hicho ni kipande cha bati zito, cha mti au cha jiwe, kilichotiwa katika kijifuko na kulazwa juu ya kitambaa pale kwenye mti wa kukingama ili kisiteleze. Mapajani mchoraji hutandaza kitambaa kizee, taplak, cha kupokea matone ya moto. Usikipuuze Mama, mimi nilikipuuza siku ya kwanza, na alama bado ninayo gotini.

Kuhusu chantingi zenyewe: mpini ni wa mwanzi au mti, kikombe huitwa nyamplung kwa sababu kinafanana na tunda la mti huo, na mdomo ni cucuk, unaotamkwa "chuchuk". Angalia hizo mbili ulizoletewa kama midomo yake inalingana. Mdomo wa wastani ni wa klowong, yaani mistari ya mwanzo inayobeba umbo la mchoro. Mwembamba ni wa isen, ule ujazo wa ndani ya majani na mabawa, na mwembamba kabisa ni wa cecek, nukta. Mnene ni wa tembok, wa kuziba uwanja mpana usiingie rangi. Zipo pia zenye midomo miwili, mitatu au zaidi kwa pamoja, za kuweka nukta au mistari sambamba kwa mguso mmoja. Wewe anza na ya klowong. Mwenye kuanza na ile nyembamba kabisa hukata tamaa mapema.

Kabla ya kila mguso wao hupuliza kidogo mdomoni mwa chantingi, ili utando wa nta iliyoanza kuganda uondoke. Nilidhani ni mazoea tu, hadi nilipojaribu kuacha. Na nta ikipenya sawasawa, pale palipochorwa pataangaza kama karatasi iliyoshika mafuta. Ukiona mstari mweupe umekaa juu juu kama ukoko, nta imepoa. Ukiona unatanuka pembeni, imechemka mno. Ikifuka moshi, iondoe motoni mara moja, na uwe na mfuniko karibu, kwa kuwa nta iliyoshika moto haizimwi kwa maji.

Jambo la mwisho ambalo wengi hawaambiwi: kitambaa kizuri huchorwa pande zote mbili. Wakimaliza uso wa kwanza, hukigeuza na kuifuata mistari ileile kwa nyuma, kazi waitayo nerusi. Hapo ndipo rangi inapokosa mlango.

---

Sonara_wa_Mvita

Salaam kwa wote. Mimi ni fundi sonara hapa Mombasa, na nimewatengenezea wachoraji wawili chantingi kwa kufuata mfano wa Java, kwa hiyo nitasema la ufundi tu.

Kikombe kiwe cha shaba nyekundu. Shaba hupitisha joto upesi, na ndiyo maana ukiitumbukiza chantingi katika nta ya moto kwa muda mfupi, mdomo nao unapata moto uleule. Nimeletewa zilizotengenezwa kwa kopo la maziwa. Zinafanya kazi siku chache, kisha zinashika kutu, na kutu ikigusana na rangi za magome ya miti huacha madoa meusi yasiyotoka.

Mdomo ukiziba, usiuchokoe kwa sindano. Sindano ni ya chuma kigumu, nayo hutanua tundu au kulipasua ukingo, na chantingi iliyotanuka mdomo ndiyo mwisho wake kwa kazi nyembamba. Chukua waya laini wa umeme, uchambue uzi mmoja wa shaba, uupitishe taratibu baada ya kuiacha chantingi ndani ya nta hadi ipate moto. Uchafu unaoziba mara nyingi ni nyuzi za pamba na vumbi la makaa, kwa hiyo chuja nta kila unapoirudia. Wajava wana chujio maalumu kwa kazi hiyo. Chujio la chai la waya linatosha, ila lisirudi jikoni tena.

---

Mama_Bafta

Marahaba mwanangu Mpita_Imogiri, na ahsante sana Fundi. Nimerudi baada ya siku kumi ili niwaeleze matokeo.

Mume wangu alinifungia mianzi mitatu nyuma ya nyumba. Nimenunua kikarai kidogo cha mayai, nimekiweka juu ya jiko la mkaa, nami ninaketi kwenye kigoda cha mbuzi nilichokitoa mbuzi yenyewe. Siku ya pili mkono ulianza kutulia, na juzi nimechora jani la mkorosho zima bila tone hata moja. Wenzangu walikaa kimya wakilitazama, kisha kila mmoja akataka zamu yake.

Hata hivyo shida imehamia kwenye rangi. Tunatumia rangi zile zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti katika maji ya moto. Mistari ya brashi, kwa unene wake, huwa inastahimili. Hii ya chantingi inabanduka ndani ya beseni, mingine inapasuka, na rangi inaingia. Nta yetu ni ya mishumaa peke yake. Je, Wajava wanachanganya nini?

---

Mkandaa_Unguja

Dada Mama_Bafta, pole na hongera. Mimi ninapika rangi za miti hapa Unguja, na suala la nta limenichukua miaka kulielewa, kwa hiyo naomba nirefushe kidogo.

Nta ya mishumaa, yaani parafini, ni rahisi na huyeyuka upesi, lakini ikipoa ni kavu na hukatika ukikunja kitambaa. Mstari mnene wa brashi huficha udhaifu huo. Mstari wa chantingi hauna pa kuuficha. Malam, yaani nta ya batiki ya Java, ni mchanganyiko. Ndani yake mna nta ya nyuki, ambayo ni laini na hukunjika bila kupasuka; mna gondorukem, utomvu wa msonobari uliokaushwa, unaoifanya nta ishike nyuzi; mara nyingi mna damar, utomvu mwingine wa miti unaonikumbusha sandarusi yetu; mna shahamu ya ng'ombe ya kuilainisha iteremke vizuri mdomoni; na mna parafini yenyewe. Kila warsha ina kipimo chake, na pia hupika zaidi ya aina moja. Nta ya mistari ya klowong hupikwa iwe rahisi kukwanguliwa, kwa kuwa katika batiki za kahawia za Yogyakarta na Solo, mji mwingine wa Java, baada ya rangi ya nili mistari hiyo hukwanguliwa kwa kibapa cha chuma kisicho na makali, ili pale ilipokuwa paingie rangi ya pili. Nta ya kuziba uwanja, ya tembok, hupikwa iwe yenye kunata na ngumu kubanduka, kwa sababu inapaswa kukaa hadi mwisho. Kwako wewe, anza kwa nusu parafini na nusu nta ya nyuki, ambayo warina asali wa Tabora wanayo kwa wingi, kisha ongeza utomvu kidogo kidogo hadi mstari ukatae kubanduka kwa ukucha.

Hata hivyo mchanganyiko huo hautakuponya ukiendelea na beseni la moto. Batiki ya Java ilikua pamoja na rangi za maji baridi. Nili huiva katika mtungi wa baridi uliotiwa chokaa na sukari ya mnazi au ya mitende mingine, na kitambaa huchovywa na kuinuliwa mara nyingi, bila kamwe kukutana na joto. Kostiki soda ya moto hufanya mambo mawili kwa pamoja: joto linalainisha nta, na kostiki inaigeuza nta ya nyuki, shahamu na utomvu kuwa sabuni. Parafini peke yake haigeuki sabuni, ndiyo maana mliizoea. Kwa hiyo yeyusha rangi katika maji ya moto kidogo kwenye chombo cha pembeni, kisha uyaongeze maji ya baridi beseni zima lipoe kabla kitambaa hakijaingia, na muda uwe mfupi. Siku zote kostiki ndiyo imiminwe katika maji, maji yasimiminwe juu ya kostiki, na glavu zisikosekane.

Ubaya huo wa sabuni unakuwa wema siku ya kutoa nta. Wajava huchemsha kitambaa katika pipa la maji yaliyotiwa soda, kazi waiitayo nglorod, na soda hiyo ni ndugu wa magadi tunayonunua sokoni. Nta huelea juu, huenguliwa, huchujwa na kurudi kikaraini kesho yake.

Kuhusu nyufa, usizione ni aibu tupu, ingawa kwa mchoraji wa Solo ni kasoro. Waholanzi katika karne ya 19 walipojaribu kuiga batiki kwa mashine, utomvu walioutumia mahali pa nta ulipasuka na kuacha mishipa ya rangi. Wajava hawakupendezwa nayo, lakini wateja wa Afrika Magharibi waliipenda, na kutoka hapo likazaliwa soko la vitambaa tunavyoviita vitenge. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846, ingali inavichapa.

Jina langu la jamvini nalo lina habari yake. Kahawia ile ya batiki, soga, ilitolewa katika magome ya miti kadhaa, na mmojawapo wanauita tingi. Tingi ni mkandaa wetu, mti uleule wa mikokoni ambao wazee wa pwani walitumia magome yake kutilia ngozi rangi. Nilipoligundua hilo niliketi kitako. Bahari ileile, mti uleule, na sisi tunaagiza kahawia ya unga kwenye makopo! Ila naomba mtu asichukue panga akaenda mikokoni. Mti uliobanduliwa gome kuuzunguka hufa, mikoko ni hifadhi, na inahitaji kibali. Mimi natumia magome ya miti iliyokwisha kukatwa kihalali kwa boriti.

---

Duka_la_Kinondoni

Ndugu zangu, nimefurahia mjadala, lakini nawasihi mfikirie pia mfuko. Kitambaa cha chantingi huchukua wiki, na kazi ngumu huchukua miezi. Nani Morogoro atalipa bei hiyo? Wajava wenyewe tangu katikati ya karne ya 19 wana muhuri wa shaba, nao ndio uliookoa biashara yao dhidi ya vitambaa vya viwandani. Naona kikundi kingefaa kuwekeza huko.

---

Mpita_Imogiri

Ndugu Duka_la_Kinondoni, hoja yako ni ya haki, ila sikubali kwamba ni lazima kuchagua kimoja. Muhuri huo wao huuita cap, hutamkwa "chap", na bila shaka masikio yenu yamesikia neno letu chapa. Yote mawili yalitoka India. Hutengenezwa kwa vipande vyembamba vya shaba vinavyokunjwa kufuata mchoro na kulehemiwa juu ya kitako cha wavu, wenye mpini nyuma. Mwanya ulio kati ya vipande hupitisha hewa, hivyo muhuri haunyonyi kitambaa unapoinuliwa. Anayeutumia, ambaye kwa kawaida ni mwanamume kwa sababu ya uzito wake, husimama mbele ya meza iliyotandikwa kitu laini chenye unyevu, na nta yake imo katika sufuria bapa yenye kitambaa cha kufyonza ndani. Muhuri haugusi nta yenyewe bali hicho kitambaa, kwa hiyo hushika kiasi kidogo kilicho sawa kila mahali. Yaani Mama, meza yako ambayo niliilaumu kwa chantingi, kwa muhuri ndiyo mahali pake.

Katika Jumba la Makumbusho ya Batiki la Pekalongan, mji mwingine wa Java, lililofunguliwa mwaka 2006, huonyeshwa mihuri ya aina hii, na ukiitazama kwa karibu unaona kila kipande cha shaba kimekunjwa kwa mkono. Tena ziko batiki zinazochanganya: muhuri unaweka umbo kubwa, kisha chantingi inajaza nukta na mishipa ya majani. Naona hiyo ndiyo njia ya kikundi chenu. Sponji zenu na vibao mnavyo tayari. Wekeni jani la mkorosho kwa kibao, kisha wawili wenye mkono mtulivu waijaze mishipa yake kwa chantingi.

---

Mama_Bafta

Nimekuelewa, na wenzangu wamekubali. Swali langu la mwisho: ulisema kitambaa hupakwa nta pande zote mbili. Kwa chantingi naona mstari wa mbele ukiangaza nyuma, naufuata. Kwa kibao nitawezaje kulenga?

---

Mpita_Imogiri

Mama, mafundi wa Java hutengeneza mihuri miwili, wa pili ukiwa kinyume cha wa kwanza kama sura kwenye kioo. Mwambie mchonga vibao wenu agonge kibao cha sasa kwenye karatasi nyembamba kwa wino, asiigeuze karatasi, na achonge cha pili kwa kufuata kinachoonekana upande huohuo wa wino. Kisha katika kila kibao atie alama mbili ndogo kwenye pembe zinazolingana. Alama zikiangaza upande wa pili, weka pembe juu ya pembe ndipo ugonge.